Kutu Si Kosa la Chuma

Kila kitu duniani kina adui wake. Mti una mchwa, nguo ina nondo, nafaka ina fukusi, na chuma kina kutu. Mwenye busara haulaumu mti kwa sababu mchwa waupenda, wala haichukii nguo kwa sababu nondo wameijua njia. Hulinda ghala lake, huanika nguo zake juani, na maisha huendelea. Chuma peke yake hakipewi haki hii. Kikishikwa na kutu, mwenyewe hukitazama kwa jicho la uadui kama kwamba kimemsaliti. Hukisukuma nyuma ya nyumba katika nyasi. Na siku mnunuzi wa vyuma chakavu apitapo na mizani yake, hukiuza kwa kilo, akashukuru kuwa ameondolewa uchafu.

Nataka kusema nawe, msomaji, juu ya chuma kimoja kinachotendewa hivyo katika sehemu za mpakani mwa Kenya na Uganda, yaani Busia na Malaba. Ni ile baiskeli kubwa nyeusi ambayo watu huiita Black Mamba. Hapana chombo kilichofanya kazi zaidi yake katika sehemu hizo, na leo hapana chombo kinachodharauliwa zaidi yake. Nimekusudia kuitetea. Na kwa kuwa utetezi usiotaja mashtaka ni porojo, nitayataja mashtaka yote ya washtaki wake kama wanavyoyasema wenyewe, kisha wewe utakuwa hakimu.

Kwanza, mshtakiwa ajulikane. Baiskeli hii ina fremu ya mabomba ya chuma, magurudumu ya inchi 28, breki zivutwazo kwa fimbo za chuma badala ya nyaya, kiti cha ngozi kilichokaa juu ya springi, na keria nyuma iwezayo kubeba gunia. Uzito wake ni kilo ishirini hivi kabla hujaipakia chochote. Umbo lake si la jana. Mwaka wa 1885, huko Coventry katika Uingereza, John Kemp Starley alitoa baiskeli yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana, na mnyororo wa kuliendesha gurudumu la nyuma. Mwaka wa 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, alipata hati ya tairi lenye upepo. Kutokana na mawazo hayo mawili viwanda vya Uingereza, na hasa Raleigh cha Nottingham, viliunda baiskeli nzito ya chuma iliyosambaa katika makoloni yote. Baadaye Wahindi walianza kuiunda kwao. Kiwanda cha Hero kilianza Ludhiana mwaka wa 1956. Wachina nao waliiunda Tianjin na Shanghai. Wafalme wameondoka, makoloni yamekuwa mataifa, na umbo la baiskeli hii limebaki vile vile. Kitu kisichofaa hakidumu karne nzima mikononi mwa maskini, maana maskini hana fedha za kuchezea.

Pili, kazi yake ijulikane. Kati ya lango la forodha la Kenya na lile la Uganda palikuwa na mwendo wa kuchosha miguu ya mtu mwenye mzigo. Gari halikuweza kuvuka pasipo karatasi nyingi; baiskeli iliweza. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wa mpakani waliweka mto juu ya keria, wakapakia abiria, wakawa wakiita kwa sauti kuu maneno ya Kiingereza yenye maana ya mpaka hadi mpaka. Ulimi wa watu uliyalainisha maneno hayo yakawa boda boda. Jina lililozaliwa katika vumbi la Busia na Malaba limefika Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, na limeingia katika kamusi. Lakini wengi walitamkao leo hufikiri pikipiki. Jina limerithiwa, na aliyelizaa ametupwa nyuma ya nyumba.

Wala abiria si mzigo wake wa pekee. Kutoka vijiji vya Busibwabo, Matayos na Bumala imepeleka sokoni mihogo, ndizi, kuku na makaa. Kutoka ziwani imepandisha samaki na dagaa. Imempeleka mwalimu shuleni, mgonjwa zahanati, na bibi harusi kwa mumewe. Tena ina ndugu zake wa karibu, baiskeli za magurudumu matatu ziendeshwazo kwa mikono, ambazo watu wenye ulemavu wa miguu huzitumia kuvusha bidhaa katika mpaka wa Busia. Mtu ambaye nchi nyingine ingemwacha akae kando ya njia na bakuli, hapo mpakani amekuwa mchukuzi na mfanya biashara kwa nguvu za mnyororo, gololi na mikono yake. Ni nani atakayesema kuwa chuma hicho hakina heshima?

Sasa tuyasikie mashtaka.

Shtaka la kwanza ni kutu. Washtaki husema: baiskeli hii huoza. Ukiinunua leo inang'aa. Baada ya masika mawili rimu zimekuwa nyekundu, mnyororo unalia kama mtoto mwenye njaa, na madigadi yana matundu. Husema kwamba cha kuvunda hakina ubani, basi kwa nini mtu apoteze mafuta yake?

Nakubali kwamba baiskeli hii hupata kutu, tena upesi. Nchi ya Busia ina mvua nyingi, na kusini yake liko Ziwa Viktoria litoalo unyevu mwaka mzima. Walakini wewe mwanafunzi umekwisha kuliona jambo hili katika darasa la sayansi. Misumari mitatu hutiwa katika chupa tatu. Katika ya kwanza mna hewa kavu. Katika ya pili mna maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta ili hewa isiingie. Katika ya tatu mna maji ya kawaida na hewa. Baada ya siku chache msumari wa chupa ya tatu peke yake umeshikwa na kutu. Somo lake ni kwamba chuma hakiozi kwa tabia yake kama nyama ioavyo. Chuma hushikwa na kutu pale maji na hewa vinapokutana juu yake, na chumvi huharakisha kazi hiyo. Zuia kimojawapo, na kutu haipati njia. Rangi huzuia, mafuta huzuia, grisi huzuia, na hata kitambaa kikavu cha kupangusia baada ya mvua huzuia.

Basi nauliza: nani aliyeilaza baiskeli nje usiku wa mvua? Nani aliyeiona rangi imebanduka penye fremu akapita kama hakuona? Mithali ya cha kuvunda ni kweli kwa kilichovunda. Si kweli kwa kilichoachwa kivunde. Kutu ni kama deni. Siku ya kwanza hulipwa kwa tone la mafuta. Baada ya mwezi hulipwa kwa msasa na rangi. Baada ya miaka miwili hulipwa kwa fremu nzima. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, kisha huulaani ukuta.

Ipo hoja moja ya washtaki ambayo sitaificha. Husema kwamba kutu nyingine si kosa la mwenye kununua bali la mwenye kuunda. Naam, ni kweli. Zipo baiskeli zilizopakwa rangi nyembamba kama karatasi juu ya chuma dhaifu. Na kosa hili si la viwanda vya maskini tu. Katika Marekani, nchi iliyojivunia magari kuliko zote, kampuni kubwa ya General Motors ilitoa mwaka wa 1970 gari dogo lililoitwa Chevrolet Vega. Jarida la Motor Trend lililitangaza kuwa gari bora la mwaka wa 1971. Lilisafirishwa kwa reli likiwa limesimamishwa wima, pua chini, ili mengi yaenee katika behewa moja. Katika kiwanda cha Lordstown, jimbo la Ohio, kazi ilipangwa ili magari 100 yatoke kila saa, na mwezi wa Machi 1972 wafanya kazi waligoma kwa kuchoshwa na mwendo huo. Wanunuzi hawakukawia kuona matokeo. Mabati ya juu ya magurudumu ya mbele yalitobolewa na kutu gari likiwa bado changa, na kampuni ikalazimika kuwabadilishia wengi bila ya malipo. Injini nazo zilipata joto na kuharibika. Magari karibu milioni mbili yaliundwa hadi 1977, na jina la Vega likawa dhihaka.

Wamarekani wengi waliyapeleka magari hayo kwenye mashine za kuponda vyuma. Walakini wako wachache ambao hadi leo wanazo Vega zao. Wamekata mabati mabovu, wamechomelea mapya, wamepaka rangi, na wanaziendesha huku majirani wakicheka. Je, watu hao ni wapumbavu? Mimi nasema sivyo. Wamejua jambo ambalo wacheshi hawalijui: kwamba kosa la aliyeunda huishia pale mikono ya mwenye mali inapoanzia. Kiwanda kilifanya haraka. Wao hufanya taratibu. Gari lililozaliwa bila ya mapenzi limepata mapenzi ukubwani.

Wengine wamefanya hivyo kwa kulazimishwa na shida. Baada ya Marekani kuiwekea Kuba vikwazo vya biashara, vilivyokamilika mwaka wa 1962, magari mapya ya Kimarekani hayakufika tena Havana. Watu wa kisiwa kile wakabaki na Chevrolet, Buick na Plymouth za miaka ya 1950, katika hewa ya bahari yenye chumvi, ambayo ni adui wa chuma kuliko mvua ya Busia. Hawakuwa na vipuri. Walivichonga wenyewe, wakatia injini za Kirusi katika matumbo ya Kimarekani, na magari yale yakaendelea kubeba abiria miaka sitini na zaidi. Watu wengi walikuja kuyastaajabia kwa uzuri wa rangi zake. Mimi nayastaajabia kwa sababu nyingine: kila moja ni ushahidi kwamba kutu hushindwa na binadamu ashikaye brashi.

Wala hatuna haja ya kwenda Kuba kutafuta mwalimu. Kusini mwa Busia ipo milima ya Samia. Kabla ya ukoloni watu wa Samia walikuwa wahunzi mashuhuri. Walichimba mawe yenye chuma, wakayayeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe ambayo majirani zao Waluo na Waluhya wengine waliyanunua na hata kuyalipia mahari. Baadaye majembe ya viwandani yaliletwa kutoka ng'ambo kwa bei ndogo, na moto wa wahunzi ukafifia. Watu wale walijua kutu kuliko sisi, kwa kuwa waliona chuma kikizaliwa. Nao walijua kwamba jembe lilimalo hung'aa makalini, na jembe lililoachwa darini ndilo liliwalo. Mjukuu wa watu hao, aliyeuza baiskeli ya babu yake kwa kilo kwa sababu ina wekundu penye rimu, ameuza zaidi ya chuma.

Shtaka la pili ni mwendo wa pole. Husemwa kwamba dunia inakimbia, na Black Mamba inatambaa. Mwishoni mwa miaka ya 2000 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo, na pikipiki kutoka Uchina na India zikaingia kwa wingi. Kwa muda mfupi zilijaza kila njia panda. Hapana shaka kwamba pikipiki imefanya mema. Mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku wa manane katika kijiji kisicho na gari hawezi kungoja baiskeli. Mlima mrefu na matope ya Aprili humshinda mpiga pedali. Nakubali pia kwamba breki za fimbo juu ya rimu iliyolowa hazishiki vizuri, na mwenye kushuka mteremko wakati wa mvua lazima awe na akili timamu.

Lakini mwendo si wa chombo peke yake. Ni wa safari nzima. Mwaka wa 2018 marais wa Kenya na Uganda walifungua rasmi kituo cha pamoja cha forodha cha Busia ili mizigo ipite upesi. Hata hivyo mwezi wa Januari 2022, madereva wa malori walipokataa kulipia kipimo cha ugonjwa wa korona, foleni ilienea makumi ya kilomita. Lori lenye nguvu za farasi mia kadhaa lilisimama, na mpiga pedali akalipita. Kadhalika pikipiki husimama fedha za petroli zinapokwisha, na husimama kabisa siku mwenye mkopo anapokuja kuichukua.

Hapa chukua kalamu na karatasi, msomaji, tufanye hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kijana amechukua pikipiki ya shilingi 150,000 kwa mkopo, na kila siku atalipa shilingi 450 kwa muda wa miezi 18. Miezi 18 ya siku thelathini ni siku 540. Zidisha kwa 450. Utapata shilingi 243,000. Basi amelipa shilingi 93,000 zaidi ya bei, na bado hatujataja petroli, oili, bima, wala siku alizougua asipate abiria. Siku ya 541 pikipiki ni yake, nayo imekwisha chakaa. Sasa muulize mwenye baiskeli aliyoachiwa na baba yake: kila asubuhi anaamka akidaiwa nini? Hadaiwi na mtu. Shilingi ya kwanza apatayo ni yake, na ya mwisho ni yake. Sisemi kwamba baiskeli humpa fedha nyingi kuliko pikipiki. Kwa kawaida humpa chache. Nasema kwamba kabla ya kuita kitu kimoja umaskini na kingine utajiri, piga hesabu hadi mstari wa mwisho. Vijana wengi wa mpakani waliuza baiskeli ili wapate malipo ya kwanza ya pikipiki. Kisha pikipiki ikachukuliwa, na wakabaki na miguu yao. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Shtaka la tatu ndilo zito, ijapokuwa halina hoja. Ni aibu. Kijana hufika mbele ya wenzake juu ya baiskeli ya chuma yenye kutu, na wenzake hucheka. Kicheko hicho kimetupa baiskeli nyingi kuliko mvua zote za masika. Wengi walioiacha hawakuiacha kwa sababu imevunjika. Waliiacha kwa sababu imewavunjia, kama wadhanivyo, heshima.

Tukichunguze kicheko hiki. Anayecheka hucheka nini? Hakicheki chombo, maana chombo kinafanya kazi yake. Humcheka mtu kwa kutokuwa na kitu kipya. Na upya ni nini? Ni sifa ambayo kila kitu huwa nayo siku moja na kuipoteza siku ya pili. Mwenye kujenga heshima yake juu ya upya amejenga juu ya umande. Atanunua leo, atachekwa kesho kutwa, atanunua tena. Na mwenye duka atamsifu kwa ujuzi wake wa mambo ya kisasa. Kinyume cha hayo, mwenye kuijua mashine yake, awezaye kuifungua ekseli, kuzihesabu gololi, kuziosha kwa mafuta ya taa, kuzitia grisi na kuzirudisha bila ya kupotea hata moja, ana heshima isiyonunuliwa wala isiyochakaa. Mtu kama huyo hawezi kudanganywa na fundi, wala hawezi kukwama njiani akimngoja mwingine.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu aibu hii haikomi kwenye baiskeli. Kijana aliyezoea kuona haya juu ya chombo cha baba yake, huja akaona haya juu ya nyumba ya baba yake, kisha juu ya lugha ya baba yake, na mwisho juu ya baba mwenyewe. Njia ni ile ile; ni hatua zinazozidi.

Wako pia watetezi wabaya, nao niwataje ili nisihesabiwe pamoja nao. Hao hupenda baiskeli ya zamani kwa pambo. Huinunua kwa bei nzuri, huipaka rangi nyeupe, huitia maua katika kikapu, na kuiegemeza mlangoni mwa hoteli ili wageni wapigwe picha. Simkatazi mtu pambo lake. Lakini baiskeli isiyo na mnyororo si baiskeli iliyopendwa. Ni maiti iliyovikwa vizuri. Black Mamba haikuundwa itazamwe. Mapenzi yake ni kuipakia mzigo.

Na wako wasemao kwamba biashara ya vyuma chakavu ni halali, huwapa vijana kazi, na chuma kilichoyeyushwa huzaliwa upya. Ni kweli kwa chuma kilichokufa. Fremu iliyokatika vipande vitatu na iende kwenye tanuri kwa amani. Lakini mizani ya chuma chakavu haina macho. Haitofautishi kilichokufa na kilicho hai, wala kilichouzwa na kilichoibwa. Mwezi wa Januari 2022 nchi ya Kenya ilikosa umeme baada ya nguzo za nyaya kubwa kuanguka. Watu walishukiwa kuwa walifungua vyuma vyake ili wakauze, na serikali ikaisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa. Nchi inayojifunza kuona kila chuma kuwa ni kilo kadhaa tu, haishangazi ikikuta siku moja nguzo yake imelala. Anayeuza baiskeli nzima ya babu yake si mwizi, hapana. Lakini amekubali hesabu ile ile isiyojua kazi ya kitu, ijuayo uzito wake tu.

Basi, msomaji, hukumu ni yako. Mimi nitasema ninayoyataka. Sitaki kila mtu arudi kwenye baiskeli. Mwenye haja ya pikipiki na uwezo wa kuilipia, aipande, avae kofia ya chuma, na aende salama. Sitaki serikali itunge sheria ya kulinda magurudumu ya inchi 28. Nataka mambo matatu tu.

La kwanza, kama kwenu iko Black Mamba nyuma ya nyumba, nenda ukaitoe katika nyasi. Isugue kwa msasa hadi chuma kionekane cheupe, pangusa vumbi lote, paka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha ile nyeusi. Osha mnyororo kwa mafuta ya taa, ukaushe, uutie oili. Funga spoku zilizolegea. Kazi hii yaweza kukuchukua Jumamosi mbili. Ukiimaliza utakuwa umejifunza sayansi, hesabu na subira, na utakuwa na chombo. Na kila jioni ya mvua iingize ndani, ipanguse, ndipo ukalale.

La pili, ukimwona mwenzako juu ya chuma kikuukuu, usicheke. Tazama mnyororo wake. Ukiwa na mafuta na hauna mchanga, jua kwamba umemwona mtu mwangalifu, naye ndiye mtu wa kukopesha kitabu chako. Ukiwa mwekundu na unalia, usimcheke vile vile; mpe tone la oili.

La tatu, siku utakapokuwa na uwezo wa kununua, uliza kabla ya kununua: Je, nitaweza kukitengeneza kikiharibika? Vipuri vyake viko Busia, au vinangoja meli? Kikishikwa na kutu, nitakijua mahali kilipoanzia? Kama majibu yote ni hapana, unachonunua si chako hata ukilipa bei yote. Ni cha yule ajuaye kukifungua.

Mvua ya Busia itaendelea kunyesha, na hewa haitaacha kuwa hewa. Hivyo viwili haviko katika uwezo wetu, wala chuma hakiwezi kuvikimbia. Kilicho katika uwezo wetu ni kitambaa, mafuta na uangalifu, na vitu hivyo havikosekani katika nyumba maskini kuliko zote za mpakani. Madhali ni hivyo, tusikibebeshe chuma kosa ambalo lina mwenyewe.